Mfalme Aliyeuliza Habari za Manyani

Salamu ziwafikie mlioko Kazimia, Sebele, Baraka na Mboko. Ziwafikie wa Fizi kule mlimani, wa Lulimba na Misisi, na ndugu zetu walio ng'ambo, Kigoma na kambini Nyarugusu, ambao mtarushiwa mazungumzo haya kwa simu kama kawaida yenu. Na wewe mvuvi uliyekwisha kuwasha taa na unangoja ndagala wapande, tega sikio, lakini macho yabaki kwenye wavu.

Leo tuzungumze juu ya hadithi za giza. Ninazo akilini zile hadithi zenye safari ndefu, zenye majini au mazimwi au wafu wanaotembea, zenye hofu ya kukufanya usogee karibu na mwenzako, na humo humo mna fumbo ambalo lazima mtu alifumbue. Vijana wetu wanazipenda mno. Pita kwenye vibanda vya filamu jioni, utawakuta wamebanana kwenye mabenchi wakitazama mapepo ya Nigeria na maiti wanaofufuka wa Marekani. Wazee nao wananiuliza: mwanangu, mambo haya yana faida gani? Si kuwafundisha watoto uchawi tu?

Wazee wangu, shikamooni. Jibu langu ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Hadithi ya giza iliyo njema hukubali kuulizwa. Ukiiuliza nani kafanya, kwa nini, na wewe umejuaje, inakujibu, au inakaa kitako ikatafuta pamoja nawe. Ile mbaya inakukemea unyamaze. Basi tuende na hilo: inayokubali kuulizwa, na inayokataa.

Tuanzie kwenye kitabu kimoja chembamba. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani kule Tanga mwaka 1909, wengi mnamjua kwa mashairi yake. Mwaka 1952 alitoa kitabu kiitwacho Adili na Nduguze. Waliokisoma shuleni Tanzania hukikumbuka kama kitabu cha maadili, na si ajabu, maana ndani yake kuna Adili, kuna Hasidi na kuna Mwivu. Mtu akisikia majina hayo anasema, aa, haya mahubiri. Mimi nawaomba muyaweke majina pembeni kwa dakika chache, mtazame kinachotokea.

Kuna mfalme aitwaye Rai. Chini yake kuna mji wa Janibu, na mtawala wa mji huo ni Adili. Kodi ya Janibu imechelewa, kwa hiyo mfalme anamtuma mtu wake, Ikibali, aende akaifuate. Hapo bado ni habari ya ofisini. Nani kati yetu hajawahi kubishiwa hodi na mtu wa kodi? Ikibali anafika, anapokewa vizuri, kodi ipo, anakirimiwa na kupewa pa kulala. Usiku anamwona mwenyeji wake ameamka. Adili, yule mpole aliyemkaribisha mchana, ana mjeledi mkononi, na mbele yake kuna manyani wawili waliofungwa. Anawapiga. Anawapiga mpaka anachoka. Halafu analia. Anawabembeleza wale wale aliowapiga, anawapa chakula, anarudi kulala. Na usiku unaofuata mambo yanakuwa yale yale.

Hebu kaa mahali pa Ikibali, msikilizaji. Wewe ungefanya nini? Wengine wetu hapa tungetoka mbio kabla ya jogoo kuwika, na kufika asubuhi soko zima lingekuwa na habari kwamba mtawala wa Janibu ni mchawi, anafuga watu usiku. Ikibali hakwenda sokoni. Alirudi kwa mfalme akasema alichokiona, na zaidi ya alichokiona hakusema neno.

Mfalme naye angeweza kukata hukumu papo hapo. Ana askari, ana jela, ana kila kitu. Lakini Rai anaagiza Adili aitwe, na manyani waletwe pia. Wote barazani. Kisha anauliza.

Hapo ndipo hadithi inafunguka. Tunasikia kwamba Adili na ndugu zake wawili walisafiri baharini kufanya biashara. Walifika mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe, na aliyekuwa hai humo ni msichana mmoja tu, Mwelekevu. Adili akatoka naye. Njiani husuda ikawapanda ndugu zake, wakamtosa baharini. Aliyemwokoa ni jini aitwaye Huria, kwa sababu Adili alikuwa amemtendea wema siku za nyuma bila kumjua. Jini akawageuza wale ndugu kuwa manyani, na akamwekea Adili sharti: awapige kila usiku, la sivyo adhabu itamgeukia yeye.

Mnaona ukatili wa sharti lile? Aliyetoswa baharini ndiye anayechapa mjeledi, na yeye ndiye anayelia. Usiku hadi usiku anawaadhibu ndugu zake wa tumbo moja, na hakuna anayejua. Mimi nimetazama filamu nyingi za kutisha, nyingine mpaka nikaacha taa inawaka, lakini zilizonikaa kama chumba kile cha Janibu ni chache mno.

Tazameni pia Shaaban Robert alivyoipanga hadithi hii. Angeanza na ndugu watatu na safari yao, tungepata somo la husuda na tungepiga miayo. Alianza na mjeledi usiku. Kwanza tunaogopa, halafu tunataka kujua, na jibu likija linatutisha kuliko swali. Hofu, kisha swali, kisha jibu linalouma. Na jibu lile lilipatikana kwa sababu kuna mtu alikaa barazani akauliza na akasikiliza mpaka mwisho.

Kuna wengine watasema, lakini hayo si ametoa kwenye Alfu Lela Ulela? Naam, mfupa wake unatoka huko, kwenye kisa cha Abdullah bin Fadhil na ndugu zake. Hilo halinisumbui. Hadithi imesafiri kwa jahazi karne nyingi, na kila pwani iliyoifikia imeipika kwa nazi yake. Lakini kuna jambo Shaaban Robert alilibadilisha mwishoni, na hilo nitalirudia kabla sijawaaga. Mnikumbushe nikisahau.

Sasa tuvuke bahari twende Unguja. Huko alikuwapo Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukaguzi wa afya. Baadaye akawa mhariri wa magazeti, na mwisho mhariri wa jarida la kilimo lililoitwa Mkulima, mpaka alipostaafu mwaka 1968. Mkaguzi wa afya, jamani! Mtu anayelipwa kuingia nyumbani kwa watu, kufunua mtungi na kuuliza mbu hawa wamezaliwa wapi. Siamini kama ni bahati tu kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyetuletea Bwana Msa.

Bwana Msa ni mpelelezi wa vitabuni, ana kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, kikachapishwa mwaka 1960. Kinaanza hivi: kuna mahali pa mizimu, mahali pa kuheshimiwa, na hapo panaonekana maiti ya mtu mwenye mali. Watu wana jibu tayari hata kabla ya maiti kuoshwa. Bwana Msa anakuja na maswali. Nani alikuwa wapi? Nani alimwona marehemu mwisho? Nani anarithi? Muuaji simtaji, kakitafuteni kitabu. Ninachotaka mshike ni kwamba Bwana Msa hawacheki watu kwa imani yao. Anakataa tu kuufanya mzimu kuwa shahidi. Huwezi kumhoji mzimu, basi mwache akae, twende kwa wanaoweza kujibu.

Aliyesoma vitabu vya Uingereza atamwona Sherlock Holmes ndani ya Bwana Msa, na hakosei. Kiko kile kinatoka London. Lakini mzimu ni wa Unguja, na shamba ni la Unguja, na udaku ni wa Unguja kabisa.

Kwa hiyo tunazo hadithi mbili. Katika ile ya Adili, jini ni jini kweli, na anatokea kweli. Katika ile ya Bwana Msa, wa kutafutwa ni binadamu. Zote mbili naziita njema. Kijana anayeniuliza kama ni vibaya kuandika majini, namjibu, andika majini hata mia, ila kila jini wako awe tayari kuulizwa.

Tupate muziki kidogo, halafu turudi nyumbani, ziwani kwetu.

(Muziki)

Naam, tumerudi. Kama umetukuta hapa katikati, tunazungumza juu ya hadithi za giza, na tumesema iliyo njema hukubali kuulizwa.

Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na duniani kote ni Baikal peke yake linalolizidi. Samaki wote tunaowajua, ndagala, mikebuka na wengine, wanaishi kwenye maji ya juu. Chini huko hewa imekwisha, samaki hawezi kupumua, na sehemu kubwa ya maji ya ziwa ndiyo hiyo ya chini. Kila jioni watoto wa Kazimia wanaoga juu ya giza hilo na hawana habari. Mahali kama hapa hapawezi kukosa zimwi.

Na zimwi tunalo. Jina lake Gustave. Ni mamba wa kaskazini ya ziwa, upande wa Burundi, kwenye mdomo wa mto Rusizi na fukwe za karibu. Jina alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Bujumbura na aliyemfuatilia miaka mingi. Walisema urefu wake unafika mita sita, ana makovu ya risasi mwilini, na amekula watu mpaka mia tatu. Hiyo mia tatu hakuna aliyepata kuithibitisha. Walisema pia umri wake umepita miaka mia. Sikilizeni basi swali zuri linavyofanya kazi. Waliomtazama kwa darubini walimwangalia mdomoni. Mamba aliyezeeka kiasi hicho angekuwa amepoteza meno. Gustave alikuwa na meno yake yote, kwa hiyo wakakadiria umri wa miaka kama sitini tu, na bado anakua. Zimwi halikupungua kwa kuulizwa. Mimi mamba mwenye meno yote ananitisha kuliko kibogoyo wa miaka mia.

Wakataka kumkamata. Ipo filamu ya mwaka 2004 inayoonyesha kazi hiyo. Walitengeneza mtego, kizimba kikubwa cha chuma, wakakishusha ukingoni mwa maji na kamera ya kuona usiku. Waliweka chambo cha kila aina, Gustave akawa anapita mbali. Siku zikawaishia. Mwisho wakamfunga mbuzi hai ndani ya kizimba. Usiku huo mvua ikanyesha na dhoruba, kamera ikazimika. Asubuhi kizimba kimezama nusu, na mbuzi hayupo. Je, ni mamba? Au maji yalipanda, mbuzi akapata upenyo akaenda zake? Hawakuweza kusema, na walikiri kwamba hawawezi kusema. Kukiri huko ndiko kunakonifanya nikiamini kisa chote.

Halafu wakaja watu wa Hollywood. Januari 2007 walitoa filamu iitwayo Primeval, ya mamba wa Burundi aitwaye Gustave, na waliipiga Afrika Kusini. Matangazo yake yalizungumza juu ya muuaji aliyeua watu wengi kuliko wote duniani, pasipo kusema kwamba ni mamba. Watu wakalipa kiingilio wakitegemea jambazi, wakakuta mkia. Mimi naiona filamu hii kama mfano wa hadithi inayokataa kuulizwa. Ina mamba, ina mbabe wa vita, kila mtu anakimbia na kupiga kelele, lakini lile swali ambalo mtu wa huku angeliuliza kwanza linapitiwa haraka haraka: mamba huyu alizoeaje nyama ya watu? Burundi iliingia vitani mwaka 1993. Wenye kumbukumbu wa pande zile wanasema Rusizi ilibeba maiti miaka hiyo, na mamba wakala kilicholetwa na mto. Kama ni hivyo, zimwi lina wazazi, na wazazi wake walivaa buti. Hadithi hiyo bado inangoja mwandishi, na sidhani kama atatoka Hollywood.

Basi tukiisha kuwasema wengine, tujiseme na sisi. Wazee wa Kibamba, Baraka na Fizi, mnaukumbuka mwaka 1965. Tarehe 24 Aprili mwaka huo, mtu mmoja alivuka ziwa kutoka Kigoma akashukia Kibamba, akijiita Tatu. Kumbe ni Che Guevara, aliyekuja na Wakuba wenzake kuwasaidia waasi wa Simba. Aliondoka Novemba mwaka huo huo, kazi imeharibika. Daftari lake la vita lilichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, na ndani yake kuna mambo mawili yanayotuhusu leo.

La kwanza ni dawa. Alikuta wapiganaji wanamwagiwa dawa ya kuzuia risasi. Dawa ilikuwa na masharti: usichukue kitu kisicho chako, usiguse mwanamke, usiogope. Sasa nawauliza. Mpiganaji akienda vitani akafa, je, dawa imeshindwa? Hapana. Yeye ndiye aliyevunja sharti. Ama aliiba, ama alilala na mwanamke, ama aliogopa. Na nani asiyeogopa risasi zikilia? Basi kila aliyekufa ana kosa, na mwenye dawa hana. Mtu pekee ambaye angeweza kujibu swali ndiye aliyezikwa. Hiyo, wapendwa, ni hadithi iliyojengwa ikazibwa kila tundu. Haiingiliki. Na maji hayo bado yanamwagwa milimani kwetu hadi leo, hamhitaji mimi niwaambie wapi.

La pili ni kifo cha Léonard Mitoudidi, mkuu mmoja wa waasi ambaye Che alimpenda kwa sababu alikuwa ameanza kuweka mambo sawa pale Kibamba. Juni 1965 alipanda boti kwa safari fupi tu ya kando ya ziwa. Upepo ulikuwa mkali na mawimbi makubwa. Akaanguka majini. Alielea kwa muda, akiita msaada. Waliokuwa botini walizima mashine, wakaiwasha tena, boti ikawa inazunguka na haimfikii. Wawili walioruka kumsaidia wakafa naye. Maneno yakaenea, bila shaka. Mtu mkubwa, watu wapo, boti ipo, anakufaje hivi hivi? Che mwenyewe anaeleza aliyoyasikia kwa waliokuwapo, anaweka upepo, anaweka mashine, anaweka ugeni wa watu na boti, na anaelekea kuona kwamba ni ajali. Lakini ukisoma unahisi moyo wake haujatulia.

Mnaona tofauti? Visa viwili, daftari moja, ziwa moja. Kifo cha Mitoudidi unaweza kukichukua leo ukaanza kuuliza: nani alishika usukani, mawimbi yalitoka upande gani, kwa nini kamba haikutupwa. Kila swali linafungua mlango. Dawa ukiiuliza, inakwambia wewe ndiye mwenye hofu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, na hapa sitachekesha. Mtoto ameshikwa homa, siku ya tatu anatetemeka. Au nyavu zinarudi tupu wiki nzima. Mtu mmoja anasema kwa sauti ndogo: ni yule bibi wa nyumba ya pembeni. Kesho wanasema kumi. Bibi mwenyewe haulizwi. Akikana, ndiyo dalili ya wachawi, hukana. Akinyamaza, amekubali. Akilia, machozi ya mamba. Mwaka 2021, katika Kivu Kusini yetu hii, upande wa Kalehe, wanawake waliuawa na umati wa watu kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wakiwa wazee. Hakuna aliyewaita barazani kama Rai alivyowaita Adili na manyani.

Mzee mmoja atasema: mwaona, filamu zenu hizo ndizo zinazoleta mambo haya. Baba, nakuheshimu, lakini sikubali. Uvumi wa mchawi ulikuwapo kabla ya filamu na kabla ya redio. Mtoto aliyelelewa na hadithi ambazo ndani yake kuna mtu anauliza, nani alikuwa wapi, nani anafaidika, huyo ndiye ninayemtegemea kusimama siku ya fujo na kusema, ngojeni kwanza, mmempima mtoto malaria?

Najua kuna vijana pale Kazimia na Baraka wanaoandika. Wengine mlikulia kambini Lugufu na Nyarugusu, mkarudi kwa meli kupitia Kigoma hadi bandari ya Baraka, na Kiswahili chenu kina harufu ya pande zote mbili za ziwa. Hiyo ni mali. Na vitu vya kutisha viko mlangoni kwenu, msivitafute mbali. Wazee wetu wa Kibembe walikuwa na alunga, chama chenye barakoa ya mti inayofunika kichwa chote, yenye nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, macho makubwa yaliyochimbwa ndani, na juu yake manyoya na miiba ya nungu. Nyingi ya barakoa hizo leo ziko Ulaya na Marekani, kwenye makumbusho na majumbani kwa matajiri, zinatazama mbele na nyuma na hakuna anayezijua. Waza zimwi la nyuso mbili linaloamka kwenye kabati la kioo na kutaka kurudi Fizi. Litapita wapi? Litamkuta nani? Na nani alilitoa hapa, kwa bei gani, usiku gani? Mimi ningekinunua kitabu hicho kesho.

Ubwari nayo ipo. Burton, Mwingereza aliyefika ziwa hili mwaka 1858, alipita pale akaandika kwamba ni kisiwa. Sisi tunajua ni rasi, unaweza kuingia kwa miguu. Lakini kijana mwenye akili ya hadithi atajiuliza: vipi kama siku ile aliyopita yeye, kweli palikuwa kisiwa?

Nikupe na mwanzo mmoja bure. Mtumbwi umerudi alfajiri ufukweni Kazimia. Taa zinawaka. Nyavu kavu. Ndani hakuna mtu, ila viatu vya watu watano, na waliotoka jana jioni walikuwa wanne. Endelea kutoka hapo. Ruksa kuweka jini. Ruksa kuweka muuaji. Ila jirani yako wa kweli usimweke, wala jina lake, wala mji wake, wala mguu wake unaochechemea ili watu wamjue. Kwa hilo sitakusamehe, na hatutaisoma hapa.

Nilisema nitarudi kwa Adili. Katika kisa cha Kiarabu, wale ndugu wanarudishiwa umbo la kibinadamu, na hawajajifunza lolote. Wanamvizia ndugu yao tena, wanamkaba, wanamtupa mtoni, na mwisho wao ni kunyongwa. Shaaban Robert alikataa mwisho huo. Kwake mfalme anawaombea msamaha kwa majini, ndugu wanarudi kuwa watu, wanatubu, na kitabu kinaishia kwenye furaha. Nimebishana na rafiki zangu juu ya hili kwa muda mrefu. Wao wanasema mzee alilegeza mkono, hadithi ya giza isiishie harusini. Mimi zamani nilikubaliana nao. Siku hizi, nikiangalia vijiji vyetu ambamo mtu anarudi kutoka msituni na kukaa mlango wa pili kutoka kwa aliowatesa, naona mwisho wa Kiarabu ndio mwepesi. Kunyonga kunamaliza maneno. Mwisho wa Shaaban Robert unaniacha na swali gumu kuliko yote ya kitabu: asubuhi ya kwanza, Adili alikaaje mezani na watu wawili ambao migongo yao anaijua kwa mjeledi, na wao wanamjua kwa maji ya bahari? Mwandishi hakutuandikia asubuhi hiyo. Kuna nafasi hapo kwa mtu wa Fizi.

Hadithi zenu leteni hapa studio kwa karatasi, au tumeni kwa sauti kwa simu, zisizidi dakika kumi. Tutaanza kuzisoma kipindi kijacho, saa hii hii. Sasa nawaachia mwenzangu na bei za soko.